Nembo inasema 328i, kadi inasema CC 1997: je, umepigwa?

Swali limetoka kwa kijana wa Mafinga anayefanya biashara ya mbao. Nimelifupisha kidogo:

"Shikamoo fundi. Ninaendesha Mark X ya CC 2499, ile ya umbo la kwanza. Nimepata BMW ya mwaka 2013 iliyotoka Japani, nyuma imeandikwa 328i, lakini kadi inasema CC 1997. Washikaji kijiweni wanasema 28 maana yake ni lita 2.8, kwa hiyo hiyo ni 320i iliyobandikwa nembo. Mmoja kaongeza kwamba hata Mercedes C63 mpya siku hizi ni CC 1991, eti tunauziwa majina tu. Safari zangu ni Iringa na Kitonga mpaka Dar, mara nyingine Mbeya na Tukuyu. Injini ndogo namna hiyo itahimili milima yetu, au nibaki na Mark X yangu?"

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile linalokunyima usingizi. CC 1997 kwenye kadi ya 328i ya mwaka 2013 ni sahihi kabisa, ndivyo gari lilivyotoka kiwandani. Injini yake inaitwa N20, ina silinda nne, lita 2.0 na turbo, na inatoa nguvu za farasi 245. Kadi ingesema CC 2793 ndipo ningekwambia ukimbie, maana hiyo ni injini ya 328i ya zamani na isingekuwa na kazi ndani ya gari la 2013.

Lakini wenzako wa kijiweni usiwapuuze. 320i ya mwaka huohuo nayo ina N20, nayo ni CC 1997 ileile, ila inatoa farasi 184 tu. Farasi 61 zinazopungua hapo hazionekani kwenye kadi. Ukiwekewa kadi mbili mezani, moja ya 320i na moja ya 328i, mstari wa ukubwa wa injini utakuambia kitu kimoja. Na nembo ya buti ni kipande cha plastiki kilichoshikwa na gundi, kinauzwa dukani kama stika nyingine yoyote. Kwa hiyo hofu yao ni halali, ila ushahidi wanaoutumia ndio si wenyewe.

Ushahidi uko sehemu mbili. Gari likitoka Japani huja na cheti cha kusafirishia nje, na juu ya cheti hicho kuna namba ya aina ya gari. Kwa umbo hilo na miaka hiyo, 328i huandikwa DBA-3A28 na 320i huandikwa DBA-3B20. Mwambie muuzaji akuonyeshe karatasi yenyewe. Picha ya simu iliyokatwa pembeni usiikubali. Akisema nyaraka za bandarini zilishapotea, jambo linalotokea kweli, hamia kwenye namba ya chesisi. Zipo herufi na tarakimu 17, zinasomeka chini ya kioo cha mbele na ndani ya chumba cha injini. Zilinganishe na kadi moja baada ya nyingine, kidole juu ya karatasi, kisha mpe fundi mwenye programu ya BMW azisome. Hapo gari litajitaja lenyewe: aina, injini, rangi, hata viti lilivyozaliwa navyo.

Kuna hadithi nyingine utaambiwa, kwamba hiyo ni 320i lakini imeingizwa programu ikawa 328i. Nguvu inaweza kuongezwa kwa programu, sikatai. Ila injini hizo mbili hazikujengwa sawa ndani. Mgandamizo, yaani kiasi pistoni inavyobana hewa ndani ya silinda, kwa 320i ni 11 kwa 1, kwa 328i ni 10 kwa 1, maana yake pistoni ni tofauti. Ukisukuma hewa nyingi kwenye injini yenye mgandamizo mkubwa, petroli huanza kulipuka kabla ya wakati wake, na pistoni ndiyo inayolipa. Gari la namna hiyo liache lilipo.

Sasa kuhusu majina. BMW za 3 Series zilipoanza mwaka 1975 hesabu ilikuwa nyepesi: tarakimu ya kwanza ni ya ukoo wa gari, mbili za mwisho ni za injini. 316 ilikuwa lita 1.6 na 320 ilikuwa lita 2.0. Haikuchukua miaka kumi hesabu ikaanza kupinda, maana 325e ya mwaka 1983 ilikuwa na lita 2.7. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zikaja 316i na 318i zenye injini moja ya CC 1895, moja ikitoa farasi 105 na nyingine 118. Zingatia hapo namba iliongopa kwa kupunguza, injini ilikuwa kubwa kuliko jina. 328i ya mwaka 1998 ilikuwa kweli lita 2.8, silinda sita kwenye mstari mmoja, farasi 193. Hiyo ndiyo wenzako wanayoikumbuka, na wana haki ya kuikumbuka, kwa sababu ilikuwa injini tamu sana kuiendesha. Hii yako ikaingia mwaka 2012 na silinda nne. Mwaka 2015 mrithi wake akaitwa 330i, na injini ikabaki lita 2.0.

Mercedes nao wamepita njia hiyohiyo, na mfano wao unaweza kuukuta umeegeshwa hata Mwanjelwa hapa Mbeya. Chukua C-Class ya W203, ile yenye taa za mbele mithili ya namba nane. Kuanzia mwaka 2002, C180 Kompressor, C200 Kompressor na C230 Kompressor (Kompressor ni pampu ya kusukuma hewa ndani ya injini) zote tatu zilikuwa na CC 1796. Moja farasi 143, ya pili 163, ya tatu 192. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba C180 iliyotangulia, ya mwaka 2000, ilikuwa na CC 1998 bila chochote cha kusukuma hewa. Yaani 180 moja ilikuwa lita 2.0 na 180 iliyofuata ikawa lita 1.8, ndani ya umbo lilelile. Ukiagiza pistoni au gasketi kwa kutaja jina la buti peke yake, utarudi dukani mara mbili.

Audi waliachana na lita moja kwa moja mwaka 2017 wakaweka namba kama 35, 40 na 45, ambazo ni madaraja ya nguvu. Lexus RX400h ni lita 3.3, na Lexus IS300 za miaka ya karibuni zenye silinda nne ni lita 2.0 zenye turbo. Mark X yako imebaki kwenye ukweli wa zamani: 250G ni lita 2.5, 300G ni lita 3.0.

Sisi wenyewe tunayo ya kwetu. Land Cruiser ya 200 tuliibatiza "V8" kwa sababu ya injini yake, mpaka jina la injini likawa jina la gari. Kisha ikaja Land Cruiser 300, na ndani yake hakuna V8 hata moja. Ya petroli ni V6 ya lita 3.5 yenye turbo mbili, ya dizeli ni V6 ya lita 3.3. Hiyo 300 nayo ni namba ya toleo tu, haihusiani na lita. Bado nasikia watu wazima wakisema "kaja na V8 mpya". Na hiyo dizeli ya silinda sita inavuta kwa nguvu ya Nm 700, wakati V8 ya dizeli ya lita 4.5 iliyokuwa kwenye 200 ilikuwa na Nm 650.

Namba ya buti siku hizi isome kama nyota za begani. Inakuambia gari limepangwa juu ya nani na chini ya nani kwenye orodha ya bei ya kiwanda chake, basi. Kipimo cha injini kitafute kwenye kadi, na nguvu yake kwenye namba ya aina.

Umeuliza, ingawa si moja kwa moja, kwa nini wanapunguza. Sababu kubwa ni kodi na sheria za moshi. Umoja wa Ulaya uliwawekea watengenezaji wastani wa gramu 95 za hewa ya ukaa kwa kilomita kwa magari mapya, ukaanza kushika mwaka 2020, na anayezidisha hulipa yuro 95 kwa kila gramu kwa kila gari aliloandikisha. Zidisha hiyo kwa magari laki kadhaa uone hesabu inavyotisha. Kodi za nchi nyingi nazo hukata kwa CC, hata kwetu: ushuru wa bidhaa wa gari dogo linaloingia nchini hupanda injini ikivuka CC 1000 na hupanda tena ikivuka 2000. Tazama hizi namba za injini tulizozitaja: 1991, 1997, 1998. Zote zimesimama hatua moja kabla ya mstari. Wahandisi wamepewa chumba cha lita mbili wakaambiwa, humohumo mtafute nguvu ya lita tatu.

Na wameipata, kwa hewa. Petroli haiungui peke yake, inahitaji hewa, na injini ni pampu ya hewa kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Injini ya kawaida kama ya Mark X yako hunyonya hewa kwa kadiri pistoni inavyoshuka, haina namna ya kupata zaidi. Turbo huchukua moshi unaotoka, moshi ambao ungepotea bure kwenye ekzosi, ikautumia kuzungusha gurudumu dogo zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Gurudumu la upande wa pili huvuta hewa safi na kuishindilia ndani. Lita mbili zikashindiliwa hewa ya lita tatu na zaidi, nguvu inatoka ya lita tatu na zaidi.

Hapa ndipo milima yetu inapoingia, na ndiyo sababu nimeamua kukujibu kwa urefu. Mtu wa Dar es Salaam akiuliza swali lako nitampa jibu jingine.

Mbeya mjini tupo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya juu ni nyembamba. Hili si la kusadiki kwa maneno, linaonekana kwa macho. Chomeka mashine ya kupimia kwenye gari, fungua swichi bila kuwasha injini, tafuta kipimo cha shinikizo la hewa. Dar kinasoma karibu kilopaskali 101. Gereji kwangu kinasoma 82, siku nyingine 83. Hapo hujagusa mafuta, ni hewa tu iliyotuzunguka, na tayari karibu moja ya tano haipo. Baridi yetu inasaidia kidogo, kwa kuwa hewa baridi hujikusanya, lakini bado injini isiyo na turbo hupoteza asilimia 15 hadi 18 ya nguvu yake hapa.

Ipigie hesabu Mark X yako. Umbo la kwanza la 2.5 lilitoka kiwandani na farasi 215. Ukiwa Mbeya una kama 178. Kwa maneno mengine, lita zako mbili na nusu huku zinavuta hewa kama ya lita 2.1. Ndiyo maana ukirudi kutoka Dar unahisi gari limechoka, unaanza kumshuku fundi, unabadilisha plagi na chujio la petroli, hali haibadiliki. Gari halina ugonjwa.

Turbo hufanya kazi kwa namna nyingine. Kompyuta ya injini ina shinikizo inalolitaka ndani ya bomba la kuingizia hewa, na haijali sana nje kukoje. Hewa ya nje ikiwa nyembamba, inaamuru turbo izunguke kasi zaidi mpaka shinikizo lifike. Nilipanda barabara ya Chunya na gari moja la silinda nne lenye turbo, msaidizi wangu ameweka mashine mapajani ananisomea. Pale gereji kabla ya kuwasha, 82. Nikikanyaga mpaka mwisho, kipimo cha ndani kinapanda mpaka 170. Tulipofika juu kabisa, kule upepo unakochapa mpaka unatafuta koti, tukazima na kufungua swichi: 75. Tukawasha, nikakanyaga tena. Msaidizi akasoma 168, akanyamaza kidogo, akasoma tena, 168. Nje ilishuka kwa pointi saba, ndani ikashuka kwa mbili. Mark X kwenye kilima hicho ingeshuka pointi zote saba bila mjadala.

Kwa hiyo 328i yako ya kweli ikiwa Mbeya itakuwa karibu sana na farasi zake 245. Pwani inaizidi Mark X yako kwa 30. Huku juu inaizidi kwa 60 na ushee. Hiyo injini ndogo unayoiogopa, milimani ndiko inakostahili zaidi.

Nisikufiche upande wa pili. Turbo inayozunguka zaidi inachemsha hewa zaidi, na hewa ya moto ikiingia kwenye silinda kompyuta hupunguza nguvu ili kulinda injini. Pia kuna muda mfupi, mguu umekanyaga lakini turbo haijaamka. Katika muda huo una injini ya lita mbili kwenye hewa nyembamba, yaani kama lita 1.6 hivi, na utaihisi ukitaka kuchomoka haraka njia panda ya Uyole. N20 haisumbui sana hapo, kwa sababu moshi wa silinda ya kwanza na ya nne hupita njia yake na wa ya pili na ya tatu njia yake, turbo inaamka mapema. Kiwanda kinaipa nguvu yake yote ya kuvuta, Nm 350, kuanzia mizunguko 1,250 ya injini kwa dakika. Huku kwetu itachelewa kidogo kuliko hapo.

Adui halisi wa turbo kwenye njia yako ni Ruaha Mbuyuni. Umetoka Dar saa kadhaa, umefika bondeni kwenye mibuyu saa nane mchana, jua la kukausha dagaa, na mbele yako ni Kitonga. Unaingia mlimani nyuma ya lori la mafuta la kwenda Tunduma linalopanda mwendo wa mtu kutembea. Injini yako inafanya kazi, ila gari halina kasi ya kuleta upepo kwenye rejeta. Feni ndiyo tegemeo peke yake. Injini kubwa ya zamani kwenye hali hiyo ilikuwa na chuma kingi cha kumeza joto. Injini ndogo yenye nguvu kubwa haina akiba hiyo, kila kitu kinategemea mfumo wa kupoza uwe mzima: rejeta isiyoziba, hozi zisizokauka, maji yenye dawa yake. Maji ya bomba matupu usiweke. Pampu ya maji ya gari hilo inaendeshwa kwa umeme, haina mkanda. Ikifa haipigi kelele wala haivuji kwanza, inaacha tu kusukuma. Ukinunua, muulize muuzaji imebadilishwa lini. Asipojua, ihesabu kwenye bei.

Nije kwenye C63 uliyotajiwa, maana jamaa yako hajadanganya. C63 ya kwanza, W204, ilikuwa V8 ya CC 6208, na hiyo 63 yenyewe ilikuwa heshima kwa injini ya zamani ya lita 6.3 ya kwenye 300 SEL 6.3 ya mwaka 1968. Iliyofuata ikawa V8 ya lita 4.0 yenye turbo mbili. Iliyozinduliwa mwaka 2022 ina silinda nne, CC 1991, pamoja na mota ya umeme nyuma, na jumla ni farasi 680. C43 ina historia ya kusikitisha zaidi: mwaka 1997 ilikuwa V8 ya lita 4.3 kweli, mwaka 2016 V6 ya lita 3.0, mwaka 2022 silinda nne ya lita 2.0. Namba 43 haikutikisika.

Mimi C63 hii mpya naiheshimu lakini siipendi, na sababu zangu ni mbili. Uzito ni wa kwanza, zaidi ya kilo 2,100, kwa gari la ukoo ambao zamani ulikuwa mwepesi. Ya pili ni hii: mota yake hutoa farasi 204 kwa sekunde 10 tu, kisha inatulia kwenye 95. Kwa kupita lori kwenye tambarare ya Igurusi, sekunde 10 zinatosha na zinabaki. Kupanda Kitonga ni dakika nyingi. Farasi 680 za kwenye karatasi na farasi zinazokaa nawe mlimani ni vitu viwili. Hilo swali la "kwa muda gani" ndilo watu wanasahau kuuliza wakisoma namba kubwa, na kwa magari yanayochanganya petroli na umeme ndilo la kwanza kuuliza. 328i yako haina mota ya umeme ya kusaidia, kwa hiyo nguvu yake haina kikomo cha sekunde.

Sauti ya V8 ya lita 6.2 ikipanda mlima, nitaikosa mpaka nife. Siwezi kukwambia silinda nne inaifikia.

Sasa gari lako lenyewe. N20 za miaka ya mwanzo, ikiwemo 2013, zina udhaifu unaojulikana dunia nzima: reli za plastiki zinazoongoza mnyororo wa taiming hukauka, hukatika, na vipande vyake huanguka kwenye sampo, bakuli la oili chini ya injini, na kuweza kuziba njia ya kunyonyea oili. Mnyororo ukilegea au ukiruka, valvu hukutana na pistoni, na hapo unatafuta injini nyingine. Matoleo ya baadaye yaliwekewa reli zilizoboreshwa. Muulize muuzaji kama kazi hiyo imefanyika na akuonyeshe risiti, na bila risiti hesabu kwamba haijafanyika. Fundi wako afungue kifuniko cha kujazia oili achungulie kwa tochi, na akishusha oili aichuje kwenye kitambaa cheupe. Chembe za plastiki ya kahawia au nyeusi kwenye kitambaa zitakuambia zaidi ya maneno ya dalali.

Oili ndiyo mahali pa kutobana matumizi. Kompyuta ya gari hilo inaweza kukuambia ubadilishe baada ya kilomita 25,000. Ratiba hiyo iliandikwa kwa ajili ya barabara na mafuta ya Ulaya. Wewe wa vumbi la magogo la Sao Hill na Kitonga kila mwezi, badilisha kila kilomita 7,000, sintetiki kamili yenye idhini ya BMW iliyoandikwa kwenye dumu. Turbo inaelea juu ya utando mwembamba wa oili hiyo, hakuna kingine kinachoishikilia. Ukimaliza kupanda na kusimama Ilula kununua vitunguu, acha injini iungurume taratibu dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili itoe joto kwenye turbo.

Na kushuka. Injini ndogo inashikilia gari kidogo kuliko kubwa unapoachia mafuta, kwa kuwa breki ya injini inategemea ukubwa wake, na turbo haisaidii hapo. Umezoea Mark X ikushike kwenye mteremko wa Inyala au Kitonga, hii haitakushika vile. Giaboksi yake ina gia nane. Sukuma liva upande wa kubadilisha kwa mkono, shuka mpaka ya tatu au ya pili kabla mteremko haujaanza, breki uziguse kwa vipindi. Nimeona diski za mbele za magari mazuri zimegeuka rangi ya bluu kwa mtu aliyeshuka Kitonga kwenye D mguu juu ya breki mwanzo hadi mwisho.

Ubadilishe au ubaki? Kama pesa uliyonayo inaisha siku unayolipa gari, baki na Mark X. Ipo barabarani, vifaa vyake unavipata Makambako hata Jumapili, na kupungua nguvu milimani hakujawahi kumuua mtu. Kama baada ya kulipa unabaki na pesa ya mnyororo na reli zake, pampu ya maji, na oili ya mwaka mzima, na cheti kikasema 3A28, nunua kwa moyo mweupe. Kwa njia zako hizo ni gari litakalokufurahisha kuliko wanavyofikiri kijiweni.

Nenda ukalione saa kumi na mbili asubuhi, baridi ya Mafinga ikiwa bado kali, na mwambie dalali asiliwashe kabla hujafika. Weka kiganja juu ya boneti kwanza. Likiwa baridi, fungua boneti, mwombe mwingine awashe, wewe sikiliza upande wa mbele wa injini kwa sekunde thelathini. Mlio mwembamba wa kuvuma, unaopanda na kushuka pamoja na mafuta, ndio mlio wa mnyororo. Na ukikuta boneti ina joto, panda bodaboda urudi dukani kwako.